Pete ya Ghanimu na Sultani wa Viganja Vitupu

Sogeeni, wapenzi, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Alitawala katika mji wa Jauharia, mji mashuhuri kwa biashara ya sandarusi, Sultani Mundhiri bin Shaddadi; na nikisema alitawala nasema kwa adabu tu, kwa sababu hakuwa akitawala hata kuku. Hakuwa na askari wala waziri, hakuwa na hazina wala mtoza ushuru, na kasri aliyokaa aliazimwa na raia wake, na mchana kutwa alishinda bustanini akipalilia mikomamanga na kuzungumza na miti. Wala hakuwa mpumbavu, la hasha! Alifungwa na ahadi.

Maana baba yake, Shaddadi, Mungu amsamehe akipenda, alikuwa dhalimu wa madhalimu. Alitoza ushuru moshi wa jikoni, na kilio cha mtoto mchanga, na hata kivuli cha mpita njia kikigusa ukuta wa kasri. Na watu walipochoka wakamtoa mbio kwa mikuki na michi, wakamweka mwanawe kitini kwa sharti moja, kwamba asishike chochote cha raia. Basi ikawa kila mwaka, sandarusi ikishachimbwa na kuuzwa, Sultani hutoka barazani, na huoshwa mikono kwa marashi ya waridi mbele ya halaiki, na huinua viganja vyake, na mtu wa ukoo maalumu huvitazama kwa makini kisha hupiga ukelele, "Vitupu!" Nao watu wote huitikia, "Na vibaki vitupu!" Ikaliwa halua, na kila mtu akaenda zake. Hiyo ndiyo Siku ya Viganja.

Na mkaguzi wa viganja zama hizo alikuwa tajiri Ghanimu bin Thuweni, ambaye baba yake ndiye aliyemvua Shaddadi kilemba kwa mkono wake mwenyewe. Ghanimu alikuwa mtu wa kifua kipana na ulimi mkali, na duniani aliogopa jambo moja tu, mkono wa mtawala kuzoea mfuko wa mtu. Siku moja Sultani alimpa komamanga, zuri, jekundu, limepasuka kwa utamu, naye akalirudisha kwa heshima zote. "Niwie radhi, maulana," akasema. "Leo nikila komamanga lako, kesho utaniambia nina deni la mti." Sultani akacheka, akalila mwenyewe.

Na watu wa Jauharia wote walikuwa vivyo hivyo. Kila mtu na kisima chake, na mlinzi wake, na ukuta wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake fanya hivi. Tena walikuwa na mila ambayo mimi sijaisikia kwingine kokote: kumwagia maji nyumba ya mtu bila idhini yake, hata kama inaungua, walihesabu ni kumtawala. Utapiga hodi; mwenye nyumba akikukaribisha, utaingia na ndoo yako; asipoitika, au akiwa safarini, utasimama nje na ndoo yako mkononi. Na mji wenyewe, jamani, ni wa sandarusi! Ile gundi ya ardhini inayoshika moto kuliko samli imejaa katika kila ghala, kutoka lango la mashariki mpaka la magharibi.

Sultani Mundhiri aliliona hilo. Akamwita Ghanimu bustanini, akamwambia, "Ewe tajiri uliyetukuka, mimi sitaki kushika kitu cha mtu. Lakini nikitazama mji huu kutoka darini kwangu, moyo unanienda mbio. Lau mngechimba birika moja kubwa katikati ya mji, na mkaweka watu wa kukesha kwa ajili ya moto, siku ya balaa tungesalimika sote."

"Na birika hilo litakuwa la nani?" akauliza Ghanimu.

"La wote."

"Maulana, la wote maana yake ni lako. Na hao watu wa kukesha leo watabeba ndoo, kesho watabeba mikuki. Baba yako naye alianza kwa kutujengea daraja. Kila mtu na aulinde moto wake mwenyewe, na Mungu atatulinda sote." Akainama, akaenda zake, na njiani akajipongeza kwa jinsi alivyojibu.

Basi haukupita muda, Ghanimu akapata jambo la ajabu. Alikuwa ghalani kwake akichagua sandarusi, na mjuao sandarusi mnajua kwamba ndani yake huonekana mdudu aliyenaswa tangu enzi na enzi, nzi au siafu, mzima kabisa. Akaokota bonge kubwa, akaliinua juani, akaona ndani yake hamna mdudu bali pete. Akalipasua kwa nyundo, akaichukua pete, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Lahaula! Ghala likajaa moshi wa kijani, na moshi ukasimama, ukawa jini la kutisha, ndevu zake zikiburura chini na kichwa chake kikigonga boriti.

"Labeka, ewe mwenye pete!" likanguruma. "Mimi ni Barkashi, na nimefungwa kuilinda mali ya anayenivaa, na amana aliyokabidhiwa. Hayo mawili tu. Usiniombe dhahabu, sina. Usiniombe kuruka, kichwa kinaniuma."

Ghanimu, badala ya kuzimia, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi! Sasa nimhitaji nani? Simhitaji Sultani, wala jirani, wala birika la mtu!" Na kwa furaha aliyokuwa nayo akampa jini tende, na jini likala kapu zima pamoja na kapu lenyewe.

Sasa Ghanimu alikuwa na binti mmoja tu, Raihana, ambaye mama yake alifariki angali mdogo, na baba mtu alimpenda kuliko ghala zake zote. Raihana alikuwa amechumbiwa na Fahimu, mfua shaba, kijana mwenye adabu na mikono myeusi, na harusi ilikuwa kesho yake. Kwa hiyo siku ile bibi harusi alikuwa kwa somo yake, Bi Tufaha, mwanamke aliyemfunda, katika nyumba iliyoelekeana na ya baba yake, njia nyembamba tu katikati. Alikuwa amelala chumba cha juu, hina mbichi mikononi na miguuni, haruhusiwi kukanyaga chini wala kushika kitu, na wanawake wakimpepea na kumwimbia.

Na ubavuni mwa Ghanimu ilikuwapo nyumba ya tatu, ya jirani yake Mshangama, ambaye alikuwa safarini bara. Nyumbani mwake hakubaki kiumbe ila kasuku wake, ndege mtukutu anayening'inia katika tundu dirishani na kurudia kila analolisikia. Asubuhi ile mtumishi wa Mshangama alikuja kumlisha, akaona nyumba inanuka uvundo, akawasha chetezo cha ubani na kukiweka karibu na ghala, kisha akaenda sokoni. Upepo ukavuma. Cheche ikaruka. Ghala la makuti, limejaa sandarusi, likaitika mara moja: mwaa!

Weee, moto huo! Ulipanda juu mwekundu na mweupe, ukanguruma, na moshi wake ukanukia vizuri, ndilo lililotisha zaidi, mji mzima ukanukia kama kuna sherehe. Watu wakatoka mbio na ndoo zao, wakafika mlangoni kwa Mshangama, na hapo wakafanya nini? Wakapiga hodi!

"Hodi! Hodi mwenye nyumba!"

"Hodi! Hodi!" akajibu kasuku dirishani.

Wakatazamana. Mwenye nyumba hayupo. Mtumishi akaja mbio huku akilia, akawaambia ingieni, lakini mtumishi si mwenye nyumba, na watu wa Jauharia ni watu wa kanuni. Kila mmoja akarudi kwake, akapanda juu ya paa lake, akasimama na ndoo yake mpakani kabisa, akingoja moto uje umkute. Fikirini, wenzangu! Mji mzima umesimama na maji, na hakuna tone linalomwagwa.

Ghanimu yeye hakuwa na wasiwasi. Aliisugua pete. "Barkashi! Linda mali yangu!"

"Labeka!" Jini likapanda juu ya paa lake, likavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, likapuliza. Na moto uliokuwa umeshaanza kuramba ukuta wa Ghanimu ukarudi nyuma, ukapinda, ukaruka juu ya njia nyembamba kama mtu anayeruka mtaro, ukatua juu ya paa la Bi Tufaha.

Ghanimu alikuwa bado anacheka aliposikia zile nyimbo za harusi zimegeuka mayowe. "Raihana! Mwanangu! Barkashi, unafanya nini wewe mlaaniwa? Umepeleka moto kwa mwanangu!"

"Nimeutoa kwako," likasema jini bila kugeuka. "Ndiyo amri yako."

"Uue! Uue moto!"

"Moto hauuliwi kwa kipande, mwenye pete. Kuuua kunataka uwanja wote ulipokanyaga, na mimi umenipa nyumba moja. Naweza kuusukuma tu, na nikiusukuma unakwenda kwa mwingine."

"Basi mwokoe binti yangu!"

"Binti si mali," likasema jini, na hapo sauti yake ikawa ya chini, kana kwamba nalo liliona haya. "Nalinda mali na amana. Yule si mali yako, wala nyumba aliyomo si yako."

Ghanimu akateremka ngazi mbili mbili, akatoka njiani. Pale mlangoni kwa Bi Tufaha alimkuta Fahimu, bwana harusi, ameshavunja kizuizi kwa bega bila kupiga hodi wala nini, lakini ngazi ya ndani ilikuwa imeporomoka na moto umekaa mahali pake, na kijana amesukumwa nje huku nyusi zake zimeungua. Juu dirishani akatokea Raihana, mikono yake yenye hina ameinyanyua mbali na nguo, kama alivyofundishwa.

"Baba!" akaita. "Baba, kuna joto sana huku!"

Wallahi, ile sauti! Ghanimu akaivua pete, akataka kumrushia Bi Tufaha aliyekuwa dirishani nyuma ya binti. Kisha mkono ukamganda. Maana alipogeuka aliona nyumba ya pili yake, na ya tatu, na watoto juu ya mapaa, na akaelewa: Bi Tufaha akiivaa, jini litamsukumia moto jirani yake, na jirani atamsukumia mwenzake, na mwishowe utazunguka mji mzima na kurudi pale pale. Akakumbuka bustani na mikomamanga, na birika lililokataliwa, na lile jibu lake zuri alilojipongeza nalo. Akauma midomo mpaka ikatoka damu, akatimua mbio.

Hakukimbia mbali. Sultani Mundhiri alikuwa tayari njiani, miguu chini, kanzu imetapakaa udongo wa bustani, na ndoo mkononi kama watu wengine, na kama watu wengine hana mahali pa kuimwaga.

"Maulana, nipe mkono wako!"

"Mkono wangu?" akasema Sultani, na kwa mazoea akafunua viganja. "Ghanimu, vitupu. Naapa."

"Najua ni vitupu! Ndiyo maana nauomba!" Akamvalisha pete mbele ya halaiki, kisha akapanda juu ya jiwe la kuteremkia punda, akapaza sauti, na ndiye yeye Ghanimu aliyekuwa akisikika soko zima: "Enyi watu wa Jauharia! Jini hili linalinda mali na amana! Mkabidhini Sultani mji huu, uwe amana mikononi mwake, dhidi ya moto! Semeni amana, na moto utakufa!"

Mzee Harithi, mtu mbishi asiyekubali hata kwamba leo ni leo, akapiga kelele kutoka paani kwake, "Aaa, ndivyo alivyoanza Shaddadi! Kidogo kidogo! Tena ulisema wewe, Ghanimu, uliyetufundisha!"

"Nilisema! Na sijakataa! Moto peke yake, Mzee Harithi! Si moshi wa jiko lako, si kisima chako, si mwanao! Na pete itavuliwa Siku ya Viganja mbele ya macho yako!"

"Pete ni yako, kwa nini tusikukabidhi wewe?" akauliza mwingine.

"Mimi?" Ghanimu akacheka kicheko cha kilio. "Mimi nina ghala! Nitaliambia jini lianze na langu, najijua, nimeshafanya hivyo leo na mmeona. Huyu hana ghala. Na yeye namkagua mimi. Mimi nani atanikagua? Jamani, mwanangu anaungua! Semeni!"

"Amana!" akalia Raihana kutoka dirishani, na Bi Tufaha akafuata, "Amana, na nyumba hii amana!" Na jini likatokea juu yao papo hapo, likaweka kiganja chake, kikubwa kama tanga, juu ya paa lile, na moto ukalala. Watu kuona hivyo, wakalipuka! "Amana!" paa hili, "Amana!" paa lile, sauti zikapokezana mtaa kwa mtaa mpaka soko la wafinyanzi, na kila paa lililotamka jini likalikanyaga kwa unyayo, shii, shii, mvuke ukipanda. Mzee Harithi alikunja mikono na kununa, mpaka cheche ikamtua ndevuni. "Amana! Amana, hee! Lakini ya mwaka mmoja!"

Ikabaki nyumba ya Mshangama, chimbuko la balaa. Jini likasimama mbele yake, likakuna kichwa. "Hii haijakabidhiwa. Na hapa ndipo ulipo moyo wa moto. Nisipoingia hapa, utarudi kote."

Watu wakashika vichwa. Mwenye nyumba yuko bara, nani atamsemea? Na moto ukaanza kuinuka tena. Hapo, kutoka kwenye tundu lililojaa masizi dirishani, ikasikika sauti ya kukwaruza, yenye hasira:

"Amana! Amana, hee! Ya mwaka mmoja!"

Jini likainua sikio. Likafikiri kidogo. "Sauti imetoka ndani ya nyumba," likasema. "Mimi sikuambiwa niulize ina manyoya au haina." Likaingia, likaukumbatia moto kifuani kwa mikono miwili, ukazima.

Ehee! Vifijo vilivyopigwa siku ile! Fahimu alipandishwa kwa kamba, akamteremsha Raihana mgongoni, Bi Tufaha na wanawake wakafuata, na hina haikuharibika isipokuwa kidole kimoja, ambacho kilimgusa bwana harusi shingoni na kumwacha na alama. Ghanimu akamkumbatia mwanawe akalia kwa sauti, hakujali nani anamwona. Harusi ikafanyika kesho yake kama ilivyopangwa, na kasuku akakaa na wakuu wa karamu, akala korosho mpaka akanyamaza.

Lakini msiinuke bado. Mwaka ule wote Ghanimu hakulala vizuri. Kila akipita mbele ya kasri alitupa jicho kwenye mkono wa Sultani, na pete ipo, inang'aa. Sultani alichimba birika, akaweka zamu za watu wa ndoo, wakipokezana kwa mitaa, na moto mdogo mdogo ukazimwa bila hodi. Vizuri. Ila Ghanimu alisikia kwamba jini lilikuwa likimnong'oneza Sultani bustanini, "Maulana, amana ni neno pana. Niambie tu kuwa ghala zao ni hatari, nami nitazifunga zote na funguo nikuletee." Je, mtu aliyeishi na viganja vitupu, akionja kushika, ataachia? Ghanimu alijiuliza hivyo kila siku, na kosa likiwapo ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemvalisha.

Siku ya Viganja ikafika. Halaiki haijapata kuwa kubwa hivyo, na Mzee Harithi amekaa mbele kabisa. Sultani Mundhiri akatoka, akasimama barazani, na Ghanimu akapanda kumkabili. Sultani akaishika pete, akaivuta, haikutoka. Akaivuta tena, kidole kilikuwa kimevimba kwa kazi ya kuchimba birika. Minong'ono ikaanza. Ndipo akamtazama Ghanimu, akasema, "Lete sabuni, rafiki yangu, au lete panga. Leo itatoka."

Ikaletwa sabuni. Pete ikatoka, ikawekwa kwenye sinia, na jini likapiga magoti pembeni likisubiri. Mikono ikaoshwa kwa marashi, viganja vikainuliwa.

Ghanimu akainama, akavitazama kwa muda mrefu. Vilikuwa na sugu za jembe, na kovu la moto, na kidoleni alama nyeupe ya pete isiyofutika. Akafungua kinywa kupiga ule ukelele wa baba yake, na neno likakataa kutoka, kwa kuwa viganja vile havikuwa vitupu tena, na kusema uongo mbele ya watu hakuweza. Kisha akageuka, akainua mkono wa Sultani juu, akapiga ukelele mpaka njiwa wakaruka kutoka mnarani:

"Safi!"

Watu wakalionja neno. Kisha mji mzima ukaitikia, "Na vibaki safi!"

Pete ikarudishwa kidoleni mwa Sultani, kwa mwaka mwingine, moto peke yake. Mmoja akasimama akataka Sultani pia amtengenezee paa linalovuja, na Mzee Harithi akamwuliza, "Maji ya paa lako yanamwingia nani?" Akajibu, "Mimi." "Basi kaa chini!" Mwingine akataja ugonjwa wa ndui uliosikika pwani, na Harithi akafungua mdomo kubisha, akaufunga, akasema hilo walizungumze. Wakazungumza mpaka halua ikakauka. Na tangu siku hiyo watu wa Jauharia huwafunza watoto wao kwamba linaloishia ndani ya ukuta wako ni lako, usimpe mtawala, na linaloruka ukuta mpe alishike, lakini mwaka ukiisha mwoshe mikono umtazame.

Ghanimu aliishi mpaka akampakata mjukuu wake, akawa na raha na mali, na Sultani alipomletea komamanga siku ya akika, karamu ya mtoto huyo, alilishika, akaligeuza, akalinusa, na akalila lote. Mimi nami nimefika mlangoni kwangu. Hodi, na kwaherini.